Injini ya gokati imechoka: nifunge ya aina ileile, ya bodaboda, au kubwa zaidi?

Mkulima wa Njoro

Habari zenu, mafundi na wapenzi wa magari madogo. Ninaomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina gokati ya watu wawili, yenye magurudumu makubwa ya kukanyagia njia mbovu, ambayo tunaitumia hapa Njoro kuzungukia shamba, kukagua ua na kupelekea vibarua chai na vifaa. Wakati wa likizo vijana wa nyumbani huiendesha kwenye mabua baada ya ngano kuvunwa. Injini yake ni ya petroli, silinda moja iliyoinama, cc 196, ya aina ambayo wengi tunaiona kwenye pampu za maji. Nguvu inafika kwenye ekseli ya nyuma kwa klachi inayoshika yenyewe injini inapopandisha mwendo, kisha kwa mnyororo.

Tangu kiangazi cha mwaka huu injini inatoa moshi wa buluu kila ninapokanyaga mafuta. Oili inapungua ingawa haivuji popote, kuiwasha ikiwa na moto ni kazi ngumu, na mteremko wa kutoka mtoni, ambao zamani ilikuwa ikiupanda na watu wawili, sasa inaupanda kwa shida hata kwa mtu mmoja. Plagi nikiifungua ninaikuta imelowa oili.

Nimeshauriwa mambo matatu yanayopingana. Fundi wangu wa hapa anasema ninunue injini mpya ya aina ileile na kuifunga mahali palepale. Kijana mmoja mwenye karakana ya pikipiki ananisihi nichukue injini ya bodaboda ya cc 150 iliyotumika, kwa kuwa ina gia tano na spea zake zimejaa kila kituo. Jirani yangu naye anaona kwamba, maadamu ninabadilisha, nipande moja kwa moja hadi injini ya cc 389. Fremu bado ni imara, ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kinachozungusha magurudumu yote mawili, na breki ni diski moja tu iliyofungwa kwenye ekseli hiyo. Ningependa kujua ipi kati ya hizi inalifaa eneo letu la mwinuko na vumbi, na ni vitu gani nivipime kabla ya kununua.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Ndugu Mkulima, karibu. Dalili ulizozieleza ni za injini iliyokula vumbi, na ningekusihi usinunue injini yoyote kabla hujajua vumbi hilo lilipitia wapi. Injini mpya ukiifunga nyuma ya kisafisha hewa kilekile na mpira uleule itachakaa kama hii ilivyochakaa, hata ikiwa ni ghali mara mbili. Wateja wengi wanaofika kwangu huanza kwa kuuliza nguvu za farasi, na mimi huanza kwa kufungua kisafisha hewa.

Kwanza hakikisha ugonjwa. Watu wengi hufunga geji ya mgandamizo mahali pa plagi, wakavuta kamba, wakasoma namba na kutoa hukumu. Kwa injini za aina yako kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu kwenye kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, kuna kifaa kidogo kinachoinua valvu ya kutolea moshi kidogo wakati wa kuwasha ili kamba isiwe nzito, kwa hiyo hata injini nzima huonyesha namba ndogo. Kipimo kinachosema kweli ni cha upepo. Toa plagi, zungusha injini polepole mpaka pistoni ifike juu kabisa huku valvu zote mbili zimefunga, zuia shafti isizunguke, kisha ingiza upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi kwa kiungo kinacholingana na nyuzi zake. Anza na upepo mdogo, na mtu yeyote asisimame karibu na klachi, kwa maana shafti ikichomoka mikononi inaweza kumvunja mtu kidole. Halafu tega sikio. Upepo ukisikika kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haikalii vizuri. Ukisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ukipuliza kwenye tundu la kujazia oili, kiasi cha kuhisi ubaridi wake ukiweka kiganja, basi ringi za pistoni na silinda ndizo zilizokwisha.

Iwapo ni valvu peke yake, huhitaji injini mpya. Zisage, rekebisha nafasi zake injini ikiwa baridi, milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa, na uendelee na kazi. Iwapo ni silinda, mambo yanabadilika, na ni vizuri uelewe sababu yake. Injini hizi hazina kichujio cha oili wala pampu ya oili. Chini ya konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha kila mahali, na konrodi yenyewe ni ya aluminiamu inayozunguka moja kwa moja juu ya kranki, bila beringi za kubadilishwa kati yake. Vumbi likishapenya kwenye ringi linaingia kwenye oili, linarushwa pamoja nayo, na linasaga konrodi, kranki na kamshafti kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukichonga silinda peke yake na kutia pistoni ya saizi ya juu, ambayo huja kwa nyongeza ya milimita 0.25, umetibu nusu ya ugonjwa. Pima kranki pia. Ikiwa imekwaruzika, nakubaliana na fundi wako kwamba injini nzima ndiyo njia ya busara.

Dada wa Spea, Kakamega

Ninauza injini hizi na vipuri vyake, kwa hiyo nitasema juu ya shafti tu, kwa sababu ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Injini mbili zinaweza kufanana rangi, tangi na hata namba ya cc, lakini shafti zikatofautiana. Iliyotengenezwa kwa ajili ya jenereta mara nyingi ina shafti inayopungua unene kuelekea nchani, na klachi yako haitakaa hapo hata ukiibembeleza. Iliyotolewa kwenye pampu ya maji huenda ina nyuzi za kufungia chombo cha pampu badala ya mfereji wa kii, kile chuma kidogo kinachoshikanisha klachi na shafti. Inayokufaa ni ile ya shafti iliyonyooka, yenye mfereji wa kii na tundu la bolti nchani, ya namna inayofungwa puli ya mkanda kwenye mashine za kukatia majani ya ng'ombe.

Hata hiyo ipime. Saizi ya kawaida ya klachi za gokati ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, ilhali baadhi ya injini zinazoingia sokoni zina shafti ya milimita 20. Kwa jicho huoni tofauti. Klachi ya 19.05 haiingii kwenye shafti ya 20, na hilo ni afadhali, kwa kuwa utaligundua papo hapo dukani. Hatari ni kinyume chake: klachi ya 20 huteleza vizuri juu ya shafti ya 19.05, ikafungwa, ikacheza kidogo kila unapokanyaga mafuta, na kabla ya msimu kwisha imekula kii na kupanua mfereji. Nenda dukani na vernia ya kupimia unene, na klachi yako ya zamani mkononi. Muuzaji anayekukatalia kuijaribisha kabla hujalipa, muache.

Usichukue pia ile yenye sanduku dogo la gia ubavuni linalopunguza mizunguko, kwa kuwa mfumo wako wote umepangwa kwa shafti inayotoka moja kwa moja kwenye injini.

Kijana wa Menengai, Nakuru

Ninaheshimu waliotangulia, lakini injini ya bodaboda nayo itendewe haki. Kazi yangu ya kila siku ni pikipiki, na nimewahi kufunga injini ya pikipiki kwenye gokati. Gia ya kwanza ya bodaboda inapanda kilima ambacho klachi ya kujishikia yenyewe ingeungua ikijaribu. Kuna kichujio cha oili, kuna pampu ya oili, kuna beringi halisi kwenye konrodi, na spea ziko hata senta ndogo kabisa huko Rongai na Kampi ya Moto.

Hata hivyo, anayekuambia kwamba ni kazi ya kuchomelea vyuma viwili na kuondoka hakwambii yote. Injini ya bodaboda inapozwa na upepo wa mwendo; kwenye pikipiki imekaa mbele, wazi, lakini kwenye gokati itajificha nyuma ya viti, gari likienda polepole kwa gia ya kwanza, jua likiwa la saa saba. Injini ya pampu ina feni kwenye flaiwili yake, yaani gurudumu zito linalozunguka na kranki, na vibati vinavyoelekeza upepo kwenye silinda, kwa hiyo inapoa hata ikiwa imesimama. Ukifunga ya bodaboda itakubidi utengeneze njia ya hewa kwa bati na uiongezee feni ya umeme, na ukishataka feni unataka betri na mfumo wa kuichaji ulio mzima.

Kisha kuna pedali ya tatu ya klachi, wenzo wa gia wenye fimbo ndefu ya kurudi nyuma, na mnyororo. Bodaboda nyingi zinatumia mnyororo namba 428, na gokati nyingi za aina yako zinatumia 420. Umbali kati ya pini ni uleule, milimita 12.7, ndiyo maana watu hudhani zinabadilishana, lakini 428 ni mpana zaidi na rola zake ni nene zaidi, kwa hiyo sproketi, yaani magurudumu ya meno ya mnyororo, ya mbele na ya nyuma lazima zote ziwe za 428. Gia ya kurudi nyuma haimo. Kwa kijana anayependa kuendesha na mwenye karakana karibu, ningesema ndiyo bila kusita. Kwa gari la kubeba chai ya vibarua, linaloendeshwa na kila mtu wa nyumbani, nakushauri ubaki na mfumo ulionao.

Mkulima wa Njoro

Asanteni sana nyote. Nimefanya kipimo cha upepo pamoja na fundi wangu, na majibu hayana shaka. Upepo ulitoka kwenye tundu la kujazia oili kwa nguvu kiasi kwamba kitambaa tulichoweka hapo kilipeperuka; kwenye ekzosi na kabureta kulikuwa kimya. Tulipofungua kichwa tuliona mikwaruzo ya wima kwenye silinda inayoshikika kwa ukucha, na konrodi ilikuwa na mchezo wa juu na chini ambao haupaswi kuwapo.

Kilichonishangaza zaidi ni kisafisha hewa. Sponji kwa nje ilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, lakini tulipotoa kiwiko kinachoingia kwenye kabureta tulikuta ndani yake tabaka jembamba la unga wa rangi ya kahawia, laini kama poda ya mtoto, kuanzia upande wa chini ambako gasketi ilikuwa imekatika. Hewa ilikuwa ikipita kando ya sponji.

Shafti ya zamani ni 19.05. Sproketi ya klachi ina meno 10, ya ekseli ina meno 60, na gurudumu la nyuma lina kimo cha sentimita 46. Mwalimu mmoja aliniambia namba hizi zinahitajika ili kujua kama cc 196 inatosha huku juu, kwa hiyo nimeziweka hapa.

Mwalimu wa Karakana, Eldoret

Mzee wangu, umefanya vizuri kuleta namba, maana bila hizo tungeendelea kubishana kwa kubahatisha.

Tuanze na mwinuko. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari, hata kabureta ikirekebishwa ipasavyo. Kisumu iko karibu mita 1,130, kwa hiyo Fundi wa Kibuye anapoteza kama asilimia 13. Nakuru mjini ni karibu mita 1,850, na Njoro kwako ni zaidi ya mita 2,100. Hapo unapoteza takriban robo nzima. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 6.5 inakupa kama 5 ikiwa mpya na nzima. Hilo linaeleza kwa nini gokati iliyotengenezewa nchi tambarare inaonekana dhaifu shambani kwako hata kabla ringi hazijachoka, na linaeleza pia kwa nini jirani yako anaitazama ile ya cc 389.

Sasa tuangalie meno. Sproketi ya 60 ukiigawa kwa 10 unapata uwiano wa 6, yaani injini inazunguka mara sita ekseli ikizunguka mara moja. Kidhibiti mwendo cha injini hizi huzuia mizunguko isizidi 3,600 kwa dakika, kwa hiyo ekseli inazunguka mara 600, na kwa gurudumu la kimo chako, ambalo mzunguko wake ni karibu mita 1.44, spidi ya juu ni kama kilomita 52 kwa saa. Hiyo ni spidi ya barabara nzuri, na njia zako za shambani haziihitaji. Unachokosa ni msukumo wa kuondokea na wa kupandia.

Njia rahisi inayopendekezwa kila mara ni kuweka sproketi kubwa zaidi nyuma. Ukiweka ya meno 72 msukumo unaongezeka kwa sehemu moja ya tano, na spidi inashuka hadi karibu kilomita 43. Lakini pima urefu kwanza. Sproketi ya meno 72 kwa mnyororo huu ina kipenyo cha sentimita 29 hivi, nusu yake ni 14.5, na katikati ya gurudumu lako iko sentimita 23 kutoka ardhini. Kwa hiyo meno na mnyororo yatabaki sentimita nane tu juu ya mawe na mabua. Kwa gokati ya lami ningekubali. Kwa yako, jiwe la kwanza litapinda sproketi au kung'oa mnyororo.

Ningeiacha sproketi ya nyuma ilivyo, na pesa ambazo zingeongezwa ili kununua injini kubwa ningeziweka kwenye puli mbili za mkanda zinazojibadilisha zenyewe, ambazo hufungwa mahali pa klachi. Mfano wake ni ule mfumo ulioko kwenye skuta. Gari linapoondoka, mkanda unazunguka duara dogo kwenye puli ya mbele na duara kubwa kwenye ya nyuma, na uwiano wake ni karibu 2.7 kwa 1. Mwendo ukichanganya, mkanda unapanda kwenye puli ya mbele mpaka uwiano unafika kama 0.9. Ukizidisha na 6 ya mnyororo wako, unaondoka na uwiano wa zaidi ya 16 badala ya 6. Robo uliyoipoteza kwa mwinuko inarudi ikiwa na riba pale unapoihitaji, yaani kwenye ule mteremko wa kutoka mtoni. Klachi yako ya sasa, kila inapopanda kilima kwa mwendo mdogo, inateleza na kuungua, na joto hilo linaenda kwenye shafti na sili ya oili. Puli zinashika mapema na kuachia mkanda kazi ya kubadilika.

Mambo mawili ya kuzingatia kwenye puli hizo: zipo za shafti ya 19.05, kwa hiyo onyo la Dada wa Spea linabaki palepale, na mkanda lazima ufunikwe kwa kava lake, kwa kuwa tope na oili vikiugusa utateleza. Injini itasogezwa kidogo, hivyo bati la kuifungia lichomelewe upya likiwa na matundu marefu ya kurekebishia mnyororo. Kwa kuwa 6 ukizidisha na 0.9 unapata 5.4, spidi ya juu kwa hesabu inapanda kidogo hadi karibu kilomita 58, nami nisingependa vijana wafike huko wakiwa na diski moja ya breki. Skrubu inayowekea kikomo wenzo wa kidhibiti mwendo irekebishwe ili mizunguko ya juu ipungue.

Kuhusu cc 389, nitakuwa wazi. Ina uzito wa takriban kilo 31 dhidi ya kilo 16 za yako, shafti yake ni ya inchi nzima, na nguvu zake ni maradufu. Fremu yako huenda ikahimili, lakini breki yako haikutengenezewa hayo, wala mnyororo wako. Ukinunua injini hiyo utakuwa umenunua pia ekseli, breki na mnyororo, ila utalijua hilo baadaye.

Na ninaomba kwa dhati: kidhibiti mwendo kisiondolewe. Kuna wanaoshauri hivyo ili kupata spidi. Flaiwili ya injini hizi ni ya chuma cha kumimina na konrodi ni ya aluminiamu. Vyote viwili vimekadiriwa kwa mizunguko ile 3,600. Flaiwili ikipasuka, vipande vyake vinapita kwenye kava la feni, na kichwa cha dereva kiko sentimita chache mbele yake. Hata kebo ya pedali isifungwe moja kwa moja kwenye kilango cha kabureta. Ifungwe kwenye wenzo wa kidhibiti, na kuwe na springi ya pili ya kurudisha pedali.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Mwalimu ameshamaliza hesabu. Mimi nirudi kwenye ile gasketi, kwa kuwa sasa muuaji amepatikana.

Vumbi la upande wenu ni la udongo wa volkeno, jepesi na laini, na linakaa hewani muda mrefu baada ya gari kupita. Waliotazama mashindano ya Safari Rally tangu yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 wameona magari yanavyozama kwenye unga huo maeneo ya Soysambu na Sleeping Warrior, upande wa Elmenteita, na wameona timu zikiyafunga mabomba ya kuvutia hewa yanayopanda hadi usawa wa paa. Gokati yako inavuta hewa sentimita chache juu ya gurudumu la nyuma, mahali vumbi lilipo zito kuliko kwingine kokote. Hamisha mdomo wa kuvutia hewa. Tumia bomba la mpira gumu, lisilo jembamba kuliko mdomo wa kabureta, lipandishe kando ya nguzo ya fremu mpaka nyuma ya vichwa vya waliokaa, na ukifunge kisafisha hewa huko juu. Bomba lifungwe na fremu, na sehemu ya mwisho inayoingia kwenye kabureta iwe laini ili mtikisiko wa injini usikate kiungo, kwa sababu ndivyo gasketi yako ilivyokatika.

Sponji kavu haizuii unga wa aina hiyo. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa, iloweke kwenye oili safi ya injini, kisha ikamue kwa kuibana kiganjani, bila kuisokota, mpaka isidondoshe tena. Kisha fanya jambo hili ambalo wengi hawalifanyi: paka grisi nyembamba sana ndani ya bomba, upande wa hewa iliyokwisha kusafishwa. Baada ya kazi ya siku fungua, pitisha kitambaa cheupe na ukitazame. Grisi ikibaki safi, kila kiungo kimeziba. Ukiona rangi ya kahawia, hata kidogo, usiwashe injini mpaka upate tundu lilipo. Fanya hivyo kila wiki wakati wa Januari hadi Machi, na msimu wa mvua unaweza kupunguza.

Kwa oili, maadamu hakuna kichujio, kuibadilisha ndiyo njia pekee ya kuisafisha injini. Tia 10W-30, lita 0.6 hivi, ukipima kwa kujaa hadi kwenye ukingo wa tundu gari likiwa limesimama mahali tambarare. Ya kwanza imwage baada ya saa 20 za kazi, ikiwa ingali na moto, nawe utaona chembe za chuma ziking'aa ndani yake. Hiyo ni kawaida kwa injini changa. Zinazofuata, vitabu husema kila saa 100, lakini kwa vumbi la Njoro mimi ningebadilisha kila saa 50. Usiiache pia injini ikinguruma gari likiwa limeegeshwa kwenye mwinamo mkali. Kile kijiko cha chini ya konrodi kinahitaji oili iwe mahali pake, na watengenezaji wa injini hizi huweka kikomo cha digrii 20.

Kijana wa Menengai, Nakuru

Niongeze dogo. Kabla ya vijana kuiendesha tena, hakikisha kuna swichi ya kuzimia injini mahali ambapo dereva na abiria wote wawili wanaifikia, na mnyororo uwe na kinga ya bati upande wa viti. Mikanda ya viti na helmeti ni lazima kwa sababu gari hili linapinduka kwa urahisi kwenye matuta. Na libaki shambani, kwa kuwa halijasajiliwa kwenda barabarani.

Mkulima wa Njoro

Nimeshaamua. Nitanunua injini mpya ya cc 196 yenye shafti iliyonyooka ya 19.05, nitafunga puli za mkanda, na kisafisha hewa kitapanda juu ya nguzo ya nyuma kama Fundi alivyoelekeza. Fundi wangu wa hapa amefurahi, kwa kuwa mawazo yake ya kwanza yamethibitishwa na yameongezewa mengi. Nimebakiwa na swali moja. Injini ya zamani, hata ilipokuwa nzima, ilikuwa ikitoa moshi mweusi kidogo ikibebeshwa mzigo, na plagi ilikuwa nyeusi ya masizi makavu. Je, injini mpya niiache na jeti yake ya kiwandani, ile skrubu yenye tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta?

Dada wa Spea, Kakamega

Usiiache, Mzee. Moshi mweusi na masizi makavu maana yake petroli ilikuwa nyingi kuliko hewa, na hilo linatarajiwa kwa jeti ya kiwandani juu ya mita 1,500. Petroli inayozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda, kwa hiyo ilisaidiana na vumbi kuimaliza ile injini. Jeti huuzwa kwa namba. Ukishanunua injini, fungua bakuli la kabureta, toa jeti kuu iliyo katikati, na usome namba iliyopigwa ubavuni mwake. Nitakutumia ndogo zaidi mbili, moja ya kuanzia na moja ya akiba. Funga ya kwanza, panda ule mteremko wako ukiwa na abiria, kisha zima injini palepale juu, bila kuiacha ingurume, na ufungue plagi. Rangi ya udongo mkavu ndiyo tunayoitaka. Ikiwa nyeupe, petroli imekuwa kidogo mno na injini itachemka, basi rudisha jeti ya saizi kubwa zaidi siku hiyohiyo. Na fundi yeyote asikubali kupanua tundu la jeti kwa waya. Litatoka na umbo bovu, na namba iliyopigwa juu yake haitakuwa na maana tena.